Anayelipa kodi ahame, asiyelipa abaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba Kiingereza kimewashinda vijana wa kidato cha nne kwa sababu hawana msamiati, akashauri kila mwanafunzi atembee na kamusi mfukoni. Sikubaliani naye. Nina steshenari hapa Manundu, Korogwe, na ukiacha fotokopi na laminesheni, kazi yangu kubwa ni kuchapa maandishi ya watu: barua za maombi ya kazi, mikataba ya kupanga, maelezo ya cheti kilichopotea, katiba za vikundi vya akina mama. Kiingereza cha vijana wa mji huu nakisoma kikiwa bado kwenye karatasi ya daftari, kabla hakijavaa shati. Maneno wanayo, tena mengine makubwa makubwa. Wanakwama pale wanapotakiwa kuunga sentensi moja na nyingine.

Sentensi ninayoletewa kuliko zote ni hii: "Although I have no experience but I am hardworking." Mwalimu akiiona ataipiga mstari mwekundu, kwa kuwa Kiingereza kikishatanguliza "although" hakitaki tena "but" katikati. Sasa isome kwa Kiswahili: "Ingawa sina uzoefu, lakini ni mchapakazi." Nani atashtuka? Sisi viunganishi vya aina hii tumezoea kuvipanga viwili viwili, kimoja kinatangulia na kingine kinapokea: ingawa na lakini, kwa kuwa na hivyo, japokuwa na hata hivyo. Kijana aliyeandika vile ameshika kanuni ya lugha yake vizuri kabisa, ila maneno ndiyo ya watu wengine. Ni huyo huyo atakayeandika "Because I finished school in 2022 so I am looking for a job." Na Kiingereza chenyewe hakimsaidii, maana kina viunganishi ambavyo navyo havitembei peke yavyo: "either" husubiri "or", "neither" husubiri "nor", na "not only" bila "but also" huonekana imekatishwa njiani. Kipi kina mwenzake na kipi hakina, mtoto atajuaje kama hakuna aliyemwambia?

Hata hivyo kosa hilo silihesabu kuwa kubwa. Mwajiri atakayesoma ataelewa, labda atatabasamu. Mimi nalirekebisha na wala silitozi. Kiunganishi ninachokiogopa mimi ni "unless".

Alikuja mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha, ana karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, nichapie huu mkataba, nakala tatu. Kijana wangu wa chuo ndiye aliyeniandikia." Kifungu cha nne kilisema: "Unless the tenant does not pay the rent before the 5th day of the month, he shall vacate the house." Nikakisoma, nikarudia, nikasimamisha kuchapa.

"Mzee wangu, hapa umeandika kwamba mpangaji akilipa kodi ahame, asipolipa abaki."

"Nani kaandika hivyo? Mimi nilimwambia asipolipa ahame."

"Naye ndivyo alivyodhani anaandika. Tatizo 'asipo' ameiweka mara mbili."

Hapo ndipo penyewe. Neno "unless" limeshabeba kukanusha tumboni mwake, ni ile "asipo-" yetu nzima nzima. "Unless the tenant pays" ndiyo "mpangaji asipolipa", basi, inatosha. Lakini kwetu kukanusha kumekaa ndani ya kitenzi, unakusikia kwa masikio: a-si-po-lipa. Kijana alipoandika "unless the tenant pays" akaitazama, akaona hakuna "not" popote, akahisi sentensi imebaki nusu. Akaongeza "does not" ili mambo yawe salama, na hapo ndipo maana ilipogeuka kichwa chini miguu juu.

Nilimshauri mzee tuandike mkataba wote kwa Kiswahili. Mpangaji mwenyewe anauza machungwa stendi, mashahidi ni mjumbe na jirani, na tangu 2021 Bunge limeshakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Akakataa. Mkataba wa Kiingereza, alisema, una uzito. Nikamwekea "If the tenant does not pay", akasaini, akaondoka nao.

Ndugu Mhariri, nimechapa karatasi nyingi za namna hiyo, na karibu zote zinanirudisha mahali pamoja. Kiswahili kinafanya sehemu kubwa ya kazi ya kuunga sentensi ndani ya kitenzi chenyewe: -ki-, -ka-, -po-, -sipo-, -ngali-. Kiingereza kimeiweka kazi hiyo nje, kwenye neno linalosimama mbele ya sentensi. Mtoto wa Kiswahili akiingia kidato cha kwanza anapewa orodha ya maneno hayo ya nje kana kwamba ni majina ya matunda: "because" ni kwa sababu, "when" ni wakati, "if" ni kama. Anayakariri. Haambiwi kwamba kazi ya maneno hayo yeye anaifanya tangu ana miaka mitatu, ila anaifanya kwa silabi.

Chukua hiyo -ki-. "Nikimaliza masomo mwezi wa sita nitakuwa tayari kuanza kazi." Binti mmoja aliiandika hiyo kwa shirika moja lililokuwa linatafuta watu wa kujitolea: "If I finish my studies in June, I will be available." Sarufi yake haina dosari hata moja, na mwalimu angempa vema. Lakini "nikimaliza" yetu inabeba mawili, kuna ya huenda na kuna ya hakika, na msikilizaji anajua ipi kwa mazungumzo yalivyo. Kiingereza kinakulazimisha uchague: "if" kama una mashaka, "when" kama jambo lipo njiani linakuja. Kwa ile "if" yake binti alimwambia mwajiri kwamba hana uhakika kama atamaliza chuo. Nilipomuuliza, "Una mtihani wa kurudia?" akashangaa. "Hapana, dada, mbona namaliza tarehe ishirini!" Nikaweka "when". Fikiria wangapi wametuma zile za "if" bila kupita kwa mtu wa kuwauliza.

Au chukua "nitakapofika". Ndani yake kuna wakati ujao, unaonekana kabisa, ni-taka-po-fika. Kwa hiyo kijana anaandika "When I will arrive I will call you", na amefuata Kiswahili hatua kwa hatua. Kiingereza kwa desturi yake kinataka wakati uliopo baada ya "when" ya namna hii: "When I arrive". Ukimwambia tu "umekosea, futa will", atafuta leo, kesho ataiandika tena. Ukimwonyesha ile -taka- yake na ukamwambia wenzetu hawaiweki hapo, hataisahau.

Kisha kuna -ka-. Hii ndiyo inayonipa kazi kubwa kuliko zote kwenye barua za maelezo. "I woke up, I took a bath, I went to the bus stand, I did not find the bus, I came back home, I called the supervisor." Koma, koma, koma, mpaka mwisho wa ukurasa. Wakaguzi wa Kiingereza wanachukia sana mtindo huu, kwani koma ya Kiingereza peke yake haina nguvu ya kuunga sentensi mbili zilizokamilika. Inataka "and", au nukta, au nukta na koma. Lakini yule ndugu alikuwa anasimulia kama anavyosimulia mtu yeyote hapa: nikaamka, nikaoga, nikaenda stendi, basi nikalikosa, nikarudi nyumbani, nikampigia msimamizi. Huhitaji "na" hata moja, kwa sababu kila "-ka-" imeshika mkono wa iliyotangulia. Akihamia Kiingereza "-ka-" inabaki nyuma, koma inabaki peke yake kubeba mzigo usio wake.

Za watu waliopoteza vyeti nazipitia haraka: "the certificate which I lost it". Hiyo "it" ni ile -ki- ya cheti iliyo ndani ya "nilichokipoteza", siyo ile ya "nikimaliza". Hakuna zaidi ya hapo.

Sasa nije kwa walimu, na naomba wasinichukie. Kwenye kipindi cha Kiswahili mtoto huyu huyu anafundishwa sentensi sahili, sentensi ambatano na sentensi changamano. Anafundishwa kishazi huru, kinachoweza kusimama peke yake, na kishazi tegemezi, kisichoweza, anapewa mifano, anapasua sentensi kwa matawi. Anafaulu. Kengele inalia, anaingia mwalimu wa Kiingereza, anaandika ubaoni "simple, compound and complex sentences", na mtoto anafungua daftari kana kwamba somo ni jipya duniani. Hakuna anayemwambia kwamba hiki ni kile kile alichokifaulu saa moja iliyopita. Kisa ni nini? Kutamka Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza ni kosa. Shule niliyosoma mimi, ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, na unatembea nacho hadi umkamate mwenzako. Nimeuliza watoto wanaokuja hapa kutoa nakala, wapo ambao bado wanavishwa. Kwa hiyo mwalimu ana ufunguo mfukoni, yaani sarufi ya Kiswahili ambayo darasa zima linaijua, na kanuni ya shule inamkataza kuutoa.

Wanachopewa badala yake nakijua vizuri, kwa kuwa nakitoa fotokopi kila msimu wa mitihani. Ni yale maswali ya kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo. "As soon as the bell rang, the pupils ran out." Anza na "No sooner". Jibu: "No sooner had the bell rung than the pupils ran out." Ukitumia "Hardly" au "Scarcely" inakuja "when", siyo "than", na ukichanganya umekosa alama. Watoto wanakariri hizi kama dua. Nimechapa mikataba, nimechapa maombi, nimechapa mpaka barua za uchumba, na sijaona mtu mzima wa Korogwe aliyeanza sentensi kwa "No sooner". "Unless" iliyokaribia kumfukuza mpangaji anayelipa haipati hata robo ya muda huo. Kuna pia lile neno la kukumbukia, FANBOYS: for, and, nor, but, or, yet, so. Sina ubaya nalo, linasaidia kukumbuka viunganishi saba. Ila linaviweka vyote mstari mmoja kama ndugu wa rika moja, wakati "and" na "but" mtu anavitumia kila dakika, na "for" ya kuunga sentensi, yenye maana ya "kwani", siku hizi utaikuta kwenye vitabu vya zamani na mahubiri.

Halafu kuna marufuku. Usianze sentensi na "And". Usianze na "But". Usianze na "Because", utachapwa. Nilichapwa, ndiyo. Baadaye nikafungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile inayoitwa ya Mfalme James, sura ya kwanza ya Mwanzo. Karibu kila aya inaanza na "And". And the earth, and God said, and the evening and the morning. Waliotafsiri walikuwa wanafuata Kiebrania, ambacho husimulia kwa kuunga namna hiyo, karibu na ile "-ka-" yetu, na Waingereza wengi hukisifu Kiingereza hicho. Nadhani marufuku ya "Because" ilitokana na mtoto aliyeandika "Because I was sick." akaweka nukta. Kosa lake ni kwamba ameacha kishazi tegemezi peke yake bila kishazi huru cha kukishika. Badala ya kumweleza hivyo, ikaonekana rahisi kulifungia neno lenyewe mlango. Sasa wapo watu wazima, wengine maofisini, ambao hawawezi kuandika "Because the bus was late, I missed the interview", sentensi safi kabisa, kwa hofu ya fimbo ya zamani.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo. Nawapa kisa cha Marekani. Jimbo la Maine lilikuwa na sheria ya malipo ya saa za ziada iliyotaja kazi ambazo hazistahili malipo hayo: kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha na nyinginezo za vyakula, halafu ikamalizia na "packing for shipment or distribution", yaani kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakadai saa zao za ziada. Kampuni ikasema hawana haki, kwa kuwa "distribution", kusambaza, ni kazi iliyotajwa pale na ndiyo kazi yao. Madereva wakasema hapana: hiyo "or" inaunga "shipment" na "distribution" tu, zote mbili ziko chini ya "packing", na sisi hatufungashi kitu, tunaendesha magari. Ugomvi wote ulikuwa juu ya kile ambacho "or" inaunga, na kabla yake hapakuwa na koma ya kuamua. Machi 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliona maneno yana utata, na utata ukawaendea madereva. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 kumaliza kesi. Waandishi wa sheria ile Kiingereza ni lugha ya mama zao. Sisi tunaoiandika ya kuazima, tena tukiwa na kibao shingoni, tusishangae mikataba yetu ikitugeuka.

Na ninyi wa magazeti mmo. Kuna sentensi ya namna hii ambayo sasa inasomwa mpaka redioni: "Mtu mmoja amefariki dunia huku wengine watano wakijeruhiwa." Kwa Kiswahili nilichokulia, "huku" inasema mambo mawili yanaendelea pamoja: anapika huku anaimba. Kwa hiyo nikiisoma hiyo habari naona mtu anakata roho na papo hapo wenzake watano wanaendelea kujeruhiwa pembeni yake. Mwandishi ametoa "while" ya Kiingereza, ambayo huweza kulinganisha tu mambo mawili bila kusema yalitokea kwa pamoja, akaiweka "huku" mahali pake. Ingetosha kusema: mtu mmoja amefariki na watano wamejeruhiwa. Na "ambapo" mmeifanyia nini? Siku hizi inaunga chochote na chochote: "Mkutano ulifanyika jana ambapo mgeni rasmi alisema ambapo pia aliahidi." Watoto wanaandika "although… but" kwa kuwa Kiswahili chao kimeingia kwenye Kiingereza, ninyi mnaandika "huku wakijeruhiwa" kwa kuwa Kiingereza chenu kimeingia kwenye Kiswahili. Wao wanafelishwa. Ninyi mnalipwa mshahara. Nimesema kwa utani, lakini si utani wote.

Ombi langu kwa wizara ni jepesi na halihitaji kubadilisha lugha ya kufundishia, mjadala ambao wakubwa wanaujua zaidi yangu. Kidato cha kwanza wanapoanza, huwa kuna kozi ya awali ya Kiingereza ya wiki chache. Sehemu ya kozi hiyo ifundishwe wazi kwa Kiswahili, na iwe juu ya kuunga sentensi tu: hii ndiyo -ki- yako, Kiingereza kinaigawa mara mbili, hii -sipo- yako, imeshaingia ndani ya "unless", hii -ka-, haina neno, tumia "and" au nukta. Mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wakae meza moja hata siku mbili wapange mifano. Na kwenye mtihani, swali moja la "No sooner" litolewe, nafasi yake iwekwe kifungu cha mkataba wa kupanga, mtoto aseme nani anahama.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni dogo zaidi. Mna ukurasa wa elimu kila wiki. Wekeni humo kiunganishi kimoja kila toleo, maelezo kwa Kiswahili, mifano kutoka barua za kazi na mikataba, hapana kengele na wanafunzi wanaokimbia. Anzeni na "unless". Nitaukata huo ukurasa niubandike kaunta, maana watu wanaosubiri fotokopi hapa kwangu hawana cha kusoma isipokuwa bei zangu.

Mwenye steshenari,
Manundu, Korogwe, Tanga